Mkanda wa Kuni Kiunoni

Jumanne, Thika. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ya Julai, na nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Kiuno kinawaka moto. Kutwa nzima nimesimama kiwandani juu ya simiti yenye maji, nikimenya mananasi. Kukaa ni marufuku. Anayekaa anafukuzwa, na akifukuzwa hana tena ruhusa ya kuishi mjini. Anarudishwa kwenye kile kijiji ambacho serikali ya kikoloni imekizungushia handaki, kulindwa kama mbuzi.

Sirudi huko.

Ndiyo maana wiki iliyopita nilichukua mkanda wa marehemu mama, ule wa ngozi aliouvaa kwenye paji la uso kubebea kuni mgongoni, nikajifunga kiunoni chini ya gauni. Ukanishika vizuri. Nikaweza kumaliza siku.

Leo asubuhi askari wa getini akanipapasa, akahisi kitu kigumu. Siku hizi kila mwanamke mwenye kitu chini ya nguo huhesabiwa amebeba risasi za wapiganaji wa msituni. Akanivua mkanda mbele ya wanaume. Akaukunjua, akaunusa. Akaunusa! Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikatamani immeze yeye.

Nyapara wetu, Mwangi, alikuwa hapo akicheka. “Wewe mama, kwani mama zetu hawakubeba kuni na mgongo? Kusimama tu kunakushinda?” Akautundika mkanda kwenye msumari wa geti mpaka jioni.

Mama alibeba kuni, ndiyo. Lakini alikuwa akitembea. Akichoka alitua mzigo, akakaa kwenye nyasi, akanywa uji wake. Nani alimwambia asimame mahali pamoja mpaka jua lizame? Mwangi mwenyewe ana kiti pale kwenye kona. Tena kina mto!

Mchana niliinama kuokota kisu, nikashindwa kuinuka. Nyokabi, tunayemenya naye meza moja, akanishika kwapani akaniinua kabla Mwangi hajageuka. Nikalia kwa ghadhabu, machozi yakidondokea mananasi ya watu.

Jioni nikauchukua mkanda wangu. Tukiwa njiani kurudi Kamenu tunakoishi, Nyokabi akaniuliza, “Mama yangu pia aliniachia wake. Unafungwa namna gani?”

Nikamwonyesha palepale barabarani.

Kesho sitauficha. Nitaufunga juu ya gauni, askari auone tangu mbali, na Nyokabi atakuwa nyuma yangu na wake. Mwangi akitaka kucheka, acheke. Si amekaa?