Mbwa Wangu Akinywa Dawa Analewa, Asipokunywa Anaanguka

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako, na kabla hujaendelea kusoma nakuomba usicheke, maana jambo lenyewe ni la mbwa, na kila niliyemweleza hapa Buseresere amecheka kwanza ndipo akauliza.

Mimi ni mke wa Mabula, tunalima pamba na mihogo, na mbwa ninayemsema ni jike jekundu mwenye sikio moja lililochanika, sikio alilochanwa na fisi mlangoni pa zizi la mbuzi, na fisi yule aliondoka bila mbuzi. Jina lake ni Hamnitoi. Jina hilo nilimpa mimi, na lazima nieleze kwa nini, la sivyo mengine hutayaelewa. Tulipohamishiwa kijijini tukagawiwa viwanja, jirani yetu Januari, ambaye sasa ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, alidai kwamba kipande cha ardhi kilicho kwenye ua wa minyaa kati yetu ni chake na sisi tusogee, tukabishana mpaka ofisi ya kijiji ikasema ni chetu, naye hakuridhika, basi mwaka ule nikapata mtoto wa mbwa, na kwa kuwa huku kwetu mbwa hupewa jina la yale ambayo huwezi kumwambia mtu usoni, nikamwita Hamnitoi, na kila jioni nikawa nasimama uani napaza sauti, "Hamnitoi! We Hamnitoi!" mbwa anakuja mbio mkia juu, na Januari kule kwake anasikia.

Mwaka jana, wakati wa kuchuma pamba, Hamnitoi alianguka shambani mbele yangu. Alianza kutafuna hewa, akalala ubavu, miguu ikawa inapiga kama anakimbia, mapovu yakamtoka, akajikojolea, kisha akainuka akanitazama kama mtu aliyeshuka kwenye basi mahali asipopajua. Watu wakapiga kelele kwamba ni kichaa cha mbwa, apigwe mawe. Namshukuru Bwana Mifugo Donatus alifika upesi, akaagiza mbwa afungwe peke yake na mtu asimguse, akawa anakuja kumtazama, na baada ya wiki kadhaa akasema, "Mama Kalisti, kingekuwa kichaa angeshakufa zamani. Huyu ana kifafa." Esta, mke wa Januari, alikuwa amesimama hapo, akasema, "Mbwa naye ana kifafa? Basi tusubiri kuku wapate pumu."

Donatus alimletea vidonge kutoka Mwanza, akanionyesha jinsi ya kuvikata na kuvificha ndani ya tonge la ugali, asubuhi na jioni, kila siku, akasema nisikatishe. Na kweli kuanguka kulikoma. Lakini Mshauri, dawa ile ilinibadilishia mbwa. Miguu ya nyuma ikawa inapishana kama ya mtu aliyetoka kilabuni. Akawa anakunywa maji mpaka anamaliza ndoo ya ndama, halafu anakojoa ndani, mpaka magunia ya pamba aliyalowesha. Njaa nayo sijawahi kuiona kwa kiumbe, alikula kipande cha sabuni, alimnyang'anya mwanangu ugali mkononi, yeye ambaye zamani hata ukidondosha nyama alikuwa anakutazama kwanza. Mabula akaniambia, "Mama Kalisti, tulikuwa na mgonjwa, sasa tuna mlevi."

Kisha ikaja siku ya samaki. Esta alikuwa ameanika sato kwenye mkeka uani kwake, na Hamnitoi akapita kwenye minyaa, akala samaki, aliposhiba akalala palepale juu ya mkeka. Januari alikuja mpaka penye ua, na wala hakuwa na hasira, ndilo lililoniumiza, akaniita mbele ya wanawake waliokuwa wanatoka kisimani, akasema, "Mayu, mama yangu, njoo umchukue mtu wako. Miaka yote tunapigiwa kelele hamnitoi, hamnitoi, leo Hamnitoi katoka mwenyewe." Walicheka mpaka mmoja akatua ndoo. Nilikwenda nikambeba mbwa mikononi kama mzigo wa kuni, kichwa kinaning'inia, nikapita katikati yao.

Tangu siku ile niliacha kumpa vidonge. Mabula nilimwambia namhurumia miguu. Siku za mwanzo nilifurahi sana, mbwa alitembea vizuri, akaacha kuiba, nikasema dawa yenyewe ndiyo ilikuwa ugonjwa. Halafu akaanguka zizini, akainuka, kabla hajakaa sawa akaanguka tena, na tena, na watoto wakaona. Sasa Januari ameitisha kikao cha nyumba kumi baada ya mnada ujao, anasema mbwa mwenye mapovu hawezi kukaa kati ya watoto wa watu, aitwe mwenye bunduki. Mabula naye anasema labda ndivyo apumzike. Bwana Mifugo sijamwambia kama niliacha dawa, naona aibu.

Hamnitoi nimemfunga kivulini karibu na zizi. Siku hizi siwezi kupaza sauti kumwita, nikipeleka maji namwita kwa kunong'ona, na bado anatikisa mkia. Mshauri, nimpe dawa awe mlevi wa kuchekwa, au nimnyime awe wa kuanguka, au nikubali apigwe risasi? Nampenda mbwa huyu. Nijibu kabla ya mnada.

Mama Kalisti, Buseresere

MSHAURI ANAJIBU

Mama Kalisti, sikucheka, ila pale kwenye kuku na pumu. Mpe Esta salamu zangu.

Gazeti hili hufika kwenu limechelewa, kwa hiyo sikulisubiri. Barua yako niliisoma asubuhi, mchana nikaenda kwa daktari wa mifugo hapa mjini nikamsomea sehemu zinazohusu ugonjwa, na jioni nikampa dereva wa basi la Biharamulo barua ya kumpa Bwana Mifugo Donatus mkononi. Huenda ameshafika kwako. Kama hajafika, acha kusoma hapa, mtume mtu amwite, kisha urudi tuendelee.

Kwanza, mbwa wako hana kichaa. Mbwa mwenye kichaa, dalili zikishatoka, hufa baada ya siku chache. Hamnitoi ameanguka msimu mmoja wa pamba na leo tunaelekea mwingine, na bado anatikisa mkia. Mapovu ya kifafa ni mate yaliyokorogwa na taya. Hayamwambukizi mtu kifafa, wala mbwa mwingine, wala kuku. Hata hivyo balozi wako hakukosea kuwahofia watoto, kwa hiyo mbwa apate chanjo ya kichaa kama hana, Donatus athibitishe hivyo mbele ya kikao, na watoto wajue kwamba mtu yeyote akiumwa na mbwa, awe mbwa wako au wa nani, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni na aende zahanati siku hiyohiyo.

Pili, ulewaji ule. Daktari hakushangaa hata kidogo. Alisema mbwa akianza dawa hiyo, miguu hupishana na usingizi humzidi, halafu mwili ukiizoea, wiki chache baadaye, wengi hurudi kutembea vizuri. Kiu na njaa ndivyo hukaa. Kwa hesabu yangu ya barua yako, ulimkatisha dawa wakati miguu ilikuwa karibu kunyooka. Na huko kuanguka mara kwa mara unakokuona sasa, sehemu kubwa kunatokana na kukatishwa. Dawa ya kifafa haiachwi ghafla. Mwili uliokuwa umeegemea dawa hiyo, umeiondoa siku moja, umeanguka.

Sasa nikuulize, na unijibu moyoni. Uliacha kumpa vidonge alipoanza kupepesuka? Hapana. Ulivumilia. Alipolowesha pamba? Ulivumilia. Alipomnyang'anya mwanao ugali? Ulivumilia. Uliacha siku Januari alipotia neno na wanawake wa kisimani wakacheka. Mabula ulimwambia ni huruma ya miguu, na huenda umejiambia hivyo hata wewe, lakini kwenye barua yako miguu na samaki haviko siku moja. Mbwa aliyeacha sikio lake kwa fisi kwa ajili ya mbuzi zako, amekosa dawa yake kwa ajili ya maneno ya jirani. Hilo ndilo nakukemea, na nikishakukemea mara moja basi, kwa sababu mtu asiyempenda mbwa wake asingembeba mikononi katikati ya watu wale.

Fanya hivi. Mwambie Donatus ukweli wote, siku uliyoacha dawa na mbwa alivyoanguka tangu hapo. Amesikia makubwa kuliko hayo. Usirudishe vidonge kwa kukisia, na usimpe vingi ili kufidia vilivyopita. Yeye ndiye atakayesema aanze na kiasi gani, na atataka kumpima uzito, maana aliyekonda na aliyenenepa hawapewi sawa. Kipimo sikiandiki gazetini, kwa sababu kuna msomaji wa Nyasubi mwenye mbwa mwingine atakayekiiga. Ukishaanza, mpe wakati wa kukamua na wakati wa kufunga ndama. Hivyo hutasahau, kwani ng'ombe hawatakuruhusu usahau. Vidonge vikae juu, mbali na watoto. Vikikaribia kwisha, mtafute Donatus mapema, usingoje kopo liwe tupu.

Kuhusu njaa, usimpe kila anachoomba, ataomba mpaka mlango. Gawa chakula chake kile kile mara kadhaa kwa siku. Maji usimnyime kamwe. Badala yake mtoe nje mara nyingi, na magunia ya pamba yainue. Ukiona macho au fizi zimekuwa za manjano, au huyu mlafi amekataa chakula, au kupepesuka kunazidi badala ya kupungua, mwite Bwana Mifugo, usisubiri zamu yake ya kupita. Hizo si shida za kuzoea.

Akianguka, ondoa mawe na kuni karibu naye, watoto wakae mbali, kuwe kimya. Usimtie mkono mdomoni, usimmwagie maji, usimshike miguu. Kitapita. Akiamka haoni vizuri wala hakujui, mpe muda. Lakini kifafa kimoja kikiunga kingine kabla hajapata fahamu, au kikigoma kukoma, hapo ni mbio za baiskeli kwenda kwa Donatus.

Mabula amesema labda apumzike. Usimchukie kwa hilo. Ameona mbwa akianguka na hajui kwamba chanzo ni kukatishwa dawa, kwa sababu hukumwambia. Mwambie leo. Kisha mpe Hamnitoi nafasi ya dawa iliyotolewa sawasawa, miezi michache, Donatus akimtazama. Ikiwa baada ya hapo bado anaanguka mfululizo na hana siku nzuri, wewe na Mabula na Bwana Mifugo mtakaa muamue, na bunduki haitakuwa ukatili siku hiyo. Leo ingekuwa ukatili, na tena ingekuwa kosa.

Limebaki la jirani. Kabla ya kikao, chukua sato wazuri, wasipungue wale walioliwa, umpelekee Esta mwenyewe, mkononi, usimtume mtoto. Usitoe hotuba. Sema, "Mbwa wangu alikula samaki wako," basi. Kisha mwombe Januari aje Donatus atakapokuja, asikie kwa masikio yake, na aelezwe la kufanya mbwa akiangukia upande wake. Balozi ambaye ameonyeshwa kazi ya kufanya hana haraka ya kuita bunduki. Na kile kipande cha ardhi usikitaje. Ofisi ya kijiji ilishasema ni chako, na kingekuwa chako hata mbwa angeitwa Maua.

Utaniuliza kama umbadilishe jina. Usimbadilishe. Mgonjwa anayeamka bila kujua alipo anahitaji kusikia neno analolijua, na yeye analijua hilo moja. Ila kuna kitu umekiandika mwishoni mwa barua yako, nadhani hukukiona. Umesema siku hizi unamwita kwa kunong'ona, na bado anatikisa mkia. Basi, Mama Kalisti, mbwa hakuwahi kuhitaji zile kelele. Zilikuwa za mtu mwingine. Endelea kumwita hivyohivyo.