Kipimo cha Masikio Katika Stoo ya Vitabu

Mwalimu mwenzangu, usome ujumbe huu ukiwa peke yako.

Unakumbuka kikao cha wazazi niliposimama nikasema, "Shule si zahanati"? Nesi mstaafu alikuwa amejitolea kuwapima wanafunzi bila malipo, seremala akatoa meza na viti, nanyi mkanishinda kwa kura.

Leo ilikuwa zamu ya mjukuu wangu. Wanapimia katika stoo ya vitabu.

Nesi alisimama nyuma yake, akawa anataja matunda kwa sauti ya chini ili mtoto ayarudie. Mjukuu wangu alinyamaza. Nesi akasogea hatua moja, kisha nyingine. Kimya. Nami nikamkemea, ndugu yangu. Mbele za watu nikamkemea: "Jibu, mkaidi wewe!"

Nesi akanigeukia. "Mzee, hakusikii. Ni masikio yote mawili, na si jambo la jana. Mpeleke hospitali wiki hii, ingawa huenda usikivu usirudi wote."

Hakusikii! Miaka miwili nimekuwa nikimwadhibu kwa kutoitika. Miaka miwili!

Nesi akamwinamia, akamweleza taratibu, uso kwa uso. Nikangoja mtoto anilaumu. Unajua alimwambia nesi nini?

"Usimgombeze babu. Hata mimi nilidhani ni ukaidi wangu."

Aliamini, kwa kuwa aliyesema ni mimi.

Sasa ananingoja langoni, amenipa mgongo. Nimefungua kinywa nimwite, nikakifumba.