Chupa ya Mafuta Juu ya Kabati

Shangazi mpendwa,

Leo mama yako amekula, tena akamaliza sahani. Ndiyo habari kubwa ya hapa nyumbani, na asante zote ni zako.

Ulipotuandikia kutoka maabara unakofanya kazi kwamba huenda protini zinazobeba mafuta ubongoni mwa Bibi hazifanyi kazi sawasawa, ndiyo maana anasahau, Mama alidhani mafuta ni sumu. Akaificha chupa juu ya kabati. Wiki tatu Bibi alilishwa vya kuchemsha tu, akawa anasukuma sahani: "Nimewakosea nini nyie?" Akakonda mpaka pete ikamvuka kidoleni. Niliona haya kumbishia Mama, nikakuandikia wewe.

Leo asubuhi nilimsomea Mama jibu lako: ubongo unayahitaji mafuta yake, wabebaji ndio hawayafikishi, Bibi apikiwe kama zamani.

"Kumbe nimemtesa mama mkwe wangu!" Mama akasema, akapanda kiti kuishusha chupa.

Baada ya kula, Bibi alinishika mkono, akaniita kwa jina lako.

"Umerudi, mwanangu?"

"Nimerudi, Mama."

Nisamehe kwa kukujibia. Alifurahi sana, Shangazi. Njoo basi, nisiwe mwongo.

Ni mimi,
binti wa kaka yako, yule asiyesema