Gesi Inakokwenda

Jumanne, 4 Februari 2025

Joto. Mdogo wangu Asifiwe kaja na madaftari ya kidato cha pili, kayamwaga mezani, sahani yangu ikahamia dirishani. Baada ya wiki mbili anafundisha tabaka la ozoni – sababu, madhara, utatuzi. Akaniuliza, dada, ukibadilisha kompresa ya friji, gesi iliyokuwemo unaipeleka wapi? Nikamwambia nafungua vali, inatoka. Inatoka kwenda wapi? Nje.

Akaandika. Nikachungulia. "Sababu ya kwanza: mafundi friji wanaoachia gesi hewani. Mfano: dada yangu Eliaichi." Nikamwomba aufute huo mfano. Kasema bila mfano wanafunzi hawaelewi.

Tuko wawili nyumba hii ya Kibamba. Mmoja ana ualbino, anapaka losheni ya jua hata kabla ya chai. Mwingine anaachia gesi. Miaka yote hatukuwahi kuyaongea haya mawili kwa pamoja.

Alhamisi, 6 Februari 2025

Bosi Gaudens kanituma Temeke, duka la samaki la Mzee Walid. Chumba baridi hakigandishi. Nakijua chumba kile kama jikoni kwangu. Nikafunga geji ya presha, gesi imepungua, nikajaza, kikaanza kupoa. Ni mara ya sita ndani ya miaka minne.

Mzee akaniuliza, mwanangu, hii gesi mbona inaisha upesi hivi? Nikasema ni matumizi tu, mzee. Akanishukuru. Bintiye Badriya, ambaye ndiye mwendesha duka siku hizi, akanifungia vibua viwili kwenye gazeti.

Haiishi. Si gesi ya kupikia. Inazunguka humo humo kwenye mabomba miaka na miaka. Ikipungua, imevuja. Hilo nalijua tangu mwaka wa kwanza chuoni.

Vibua vilikuwa vitamu.

Jumapili, 9 Februari 2025

Baada ya ibada nimemuuliza Asifiwe moja kwa moja. Lile doa walilomkata sikioni mwaka jana – ni mie?

Alikuwa anamenya ndizi. Akacheka. "Dada, usijipe cheo. Tundu lenyewe la ozoni liko kusini kabisa mwa dunia, kwenye barafu. Mie ngozi yangu haina rangi, na nimelima shamba la baba bila kofia tangu darasa la tatu."

Kisha kanifundisha kama mtoto wa kidato cha pili. Gesi yangu inapanda taratibu mpaka huko juu, jua linaivunja, inatoa klorini. Chembe moja ya klorini inaharibu ozoni maelfu kwa maelfu. Miale mikali inapita. Kansa ya ngozi, mtoto wa jicho, mazao kudumaa. Kuna mkataba, nchi zikakubaliana kupunguza hizo gesi, na tabaka limeanza kupona. Likienda vizuri, katikati ya karne hii. Nitakuwa bibi.

"Ila ile ya juu ndiyo kofia yangu ya kwanza," kasema. "Hii ya kichwani ni ya pili." Halafu kaomba nimpe kisu kingine, kile ni butu.

Jumatano, 12 Februari 2025

Nimeongea na Gaudens karakana, Chang'ombe. Nimesema chumba cha Mzee Walid kinavuja, tutafute panapovuja, tuzibe, tusijaze tena.

Kanisikiliza vizuri. Kisha kasema, sista, mgonjwa akipona anarudi hospitali kufanya nini?

Nikataja ozoni. Kaangalia juu, kaona bati. Kasema haoni tundu.

Nilipomaliza chuo nilizunguka karakana tisa, wakaniuliza kama nimekuja kuuza chakula. Gaudens ndiye peke yake aliyenipa spana. Nalikumbuka hilo, naye anajua nalikumbuka.

Ijumaa, 14 Februari 2025

Nimekwenda Temeke bila kutumwa. Mzee Walid alikuwa anatoka msikitini. Nikamwamkia, nikasema yote nikiwa nimesimama. Kwamba gesi haiishi. Kwamba bomba limetoboka mahali, na mie sikuwahi kupatafuta. Kwamba nilijua.

Badriya kanitazama kama anayetazama samaki aliyeoza. "Miaka minne, dada fundi? Na tulikuwa tunakupa kitoweo?"

Mzee kauliza: "Kwa nini unaniambia leo?"

Nikasema nina mdogo wangu. Sentensi ikaishia hapo. Hakuniuliza mwisho wake.

Badriya kampigia Gaudens nikiwa bado mlangoni. Nilipofika karakana, vifaa vyangu vilikuwa nje ndani ya ndoo, vimepangwa vizuri. Gaudens ni mtu wa mpangilio. Hakutoka kuniaga.

Jumatatu, 17 Februari 2025

Sina kazi, kwa hiyo nimekwenda kuwa mfano.

Wanafunzi arobaini na nane. Asifiwe kanitambulisha, "Huyu ni dada yangu, ni sababu ya kwanza." Wakacheka, nikaeleza. Nikawaonyesha geji. Nikasema kuna mashine ya kunyonya gesi ukaiweka kwenye mtungi, ikasafishwa, ikatumika tena, na kwamba sijawahi kuishika tangu chuoni.

Msichana mmoja wa nyuma, Naima, kauliza: sasa umeacha?

Nikasema ndiyo.

Lini?

Ijumaa.

Kaandika kwenye daftari. Asifiwe alikuwa amenipa mgongo, anafuta ubao uliokwisha kuwa safi.

Jumatano, 19 Februari 2025

Mzee Walid kanipigia mwenyewe saa mbili asubuhi. Chumba kimezima kabisa. Ramadhani ni wiki ijayo, kimejaa samaki mpaka mlangoni. Kasema, njoo utafute hilo tundu lako.

Mwalimu wangu wa zamani chuoni kaniazima ile mashine ya kunyonya gesi. Nimepaka povu la sabuni kwenye mabomba. Saa nne na robo nimelipata, nyuma ya feni, kwenye kona ambapo kila mara nimekuwa nikiegemeza begi langu. Tundu la ncha ya sindano. Kuchomelea ni kazi ndogo, ila lazima gesi iliyobaki itoke kwanza. Nimewasha mashine. Inanyonya polepole, ni ya zamani kuliko Asifiwe.

Naandika nimekaa juu ya kreti, maana hakuna kingine cha kufanya.

Gaudens kaja. Badriya kamwita, hakuficha. Kaiangalia mashine, kaniangalia mie, kasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Sista, fungua vali. Samaki wa watu hawa wataoza." Ana haki. Maji yameanza kutoka chini ya mlango, mekundu kidogo. Spana anayo mkononi. Ni ile ile aliyonipa siku ya kwanza, aliisahau kuiweka kwenye ndoo, au aliibakiza.

Badriya kauliza, dakika ngapi?

Nimesema arobaini.

Gaudens kasema tano.

Mzee Walid kaagiza kiti. Kakiweka katikati, baina ya Gaudens na vali, kakaa.