Sema Uliogopa

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Mgongo wa mama unaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili.

Najua mmesikia nimefungwa, basi sikieni na kwangu. Tulipoanza kurudi nyuma tulikuwa na mateka, tumewaweka kwenye darasa la shule. Mmoja alikuwa mwoka mikate. Alituokea wote, sisi na wenzake, bila kubagua. Kapteni akasema hakuna lori la kuwabeba, tuwamalize. Nikamwambia, "Afande, hawa wameshaweka silaha chini. Tuliingia vita hivi kwa sababu wenzao waliwaua watu wetu wakiwa wamenyoosha mikono juu."

Akaninyang'anya bunduki, akampa mwingine. Niliwasikia nikiwa nje ya ukuta, nimefungwa kamba. Sikumwokoa hata mmoja.

Wewe ndiye uliyeniambia niende vitani, na bado naona ulisema kweli. Ni haya ya humo ndani yaliyonishinda. Nipe neno.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tunapumua, ila mama yako hali, halali. Gereji siendi.

Nimeonana na wakili. Kukataa amri vitani adhabu yake ni kifo. Lakini ukiwaambia mahakamani kwamba hukukataa, uliogopa tu, mikono ikatetemeka, watakuachia. Basi sema uliogopa. Wale wameshakufa, ukweli wako hautawafufua. Sikuombi, nakuamuru.

Baba yako

9 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Unapata chakula? Kwetu ni vilevile, ila gereji nimerudi.

Jana alikuja gereji yule dereva wa kikosi chenu mnayemwita Mrefu, yuko likizo. Nikampa kiti, akakataa. Akasema bunduki yako alipewa yeye. Yule mwoka mikate alimuuliza kama mkate wa asubuhi uliwatosha wote, naye akajibu ndiyo, kisha akapiga. Halafu akaniambia, "Mzee, tungekataa wawili, kapteni angesita. Mimi nilinyamaza."

Nilimtazama mtoto wa watu akilia huku ameshika tairi, nikajua nimekuagiza nini. Ukisema uliogopa, waliofanya yale watabaki ndio wanaume. Usiseme. Futa neno langu la kwanza.

Mama yako amesimama mlangoni ili nisiende posta. Nitapitia uani. Hataniongelesha tena, na ana haki.

Baba yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Msalimie mama sana.

Barua yako ya pili imenikuta nimeshatoka jela. Nilikutii ile ya kwanza. Nilisimama mbele yao nikasema niliogopa, na kapteni akatabasamu kama mtu anayemsamehe mwanawe. Nikadhani yameisha. Kumbe jaji alikuwa na swali lingine: mateka walikufaje?

Kapteni alikuwa ananitazama. Nikasema nilikuwa nimefumba macho kwa woga, sikuona kitu.

Sasa imeandikwa walikufa wakijaribu kutoroka.

Wamenipa likizo, nitafika wiki ijayo. Mama usimwambie zaidi ya hapo. Mwache afurahi.

Mwanao