Uzi ya Maman Furaha

Papa Munganga,

Tangu tukuzike, wewe uliyenifundisha kupasua, uko unaingia na mimi mu chumba ya operesheni. Nikinawa mikono, nasikia unakohoa nyuma. Nikigeuka, hamuna mutu. Wenzangu siwaambii, watasema nimechoka.

Unamukumbuka Maman Furaha wa Kasha, mwimbaji wa korali ya kanisa? Yule mwenye tundu pembeni ya njia ya haja kubwa, lenye kutoka usaha. Ulimupitishia uzi humo ndani, ukaufunga legelege ili usaha utoke kwanza. Ukamwambia, "Usiuguse, maman." Wewe ukafa, uzi ukabaki.

Basi watu wa chumba ya maombi wakauona. Nani anafunga uzi mu mwili ya mwanamuke, kama hapana mulozi, mwenye kuroga watu? Wakaukata na wembe, wakauchoma, wakaimba! Papa, nilikasirika! Maman Furaha akarudi na homa, jipu limevimba, anaona haya hata kukaa.

Bwana yake akaniomba nipasue yote mara moja, warudi nyumbani. Ilikuwa rahisi kweli. Lakini lile tundu linapita katikati ya musuli yenye kufunga choo, na musuli ile ukiikata, choo kitamutoka ovyo, mama wa watu atavaa kitambaa maisha yote. Nani atasimama karibu naye mu korali? Nikasikia mukono yako juu ya mukono yangu, baridi: "Haraka ya nini, mutoto yangu?"

Nikatoa usaha tu, nikaweka uzi mupya. Na safari hii niliwaita wale wa maombi, nikafungua pakiti mbele yao. Wakaushika, wakauombea. Ee, waombee tu, mradi wasiukate!

Usaha ulipokauka, nikaingia katikati ya misuli mbili zenye kufunga choo, ya ndani na ya inje, nikafunga ile njia ya usaha pale pale, nikaikata hiyo njia tu. Musuli sikuigusa. Ulikuwa unapumua shingoni kwangu, Papa, nikaogopa kugeuka.

Jana alikuja, akaninong'oneza kwamba aliimba misa yote, akacheka, akapiga chafya, na hakuna kilichotoka. Nililia mbele yake bila haya.

Kwaheri, Papa. Nakuahidi, musuli ya mutu sitaikata kwa sababu ya haraka. Nyumbani kwako Muhumba wanasali kila jioni upumzike, na mimi napiga magoti pamoja nao. Lakini moyoni naomba kingine, Mungu anisamehe: usipumzike bado. Kesho nina mugonjwa mwingine.

Mutoto yako wa kazi,
Neema