Ukurasa wa Pili Ambao Sikuusoma

"Mzee, umemmaliza yule mwalimu wa mawingu ya giza!" Ndivyo alivyoandika msomaji mmoja hapa kwenye blogu yangu jana. Si kweli. Sikummaliza. Nilimzomea.

Ni Jumanne. Dodoma ina upepo mkavu na vumbi limeingia mpaka kwenye chai yangu. Sina hamu nayo.

Wiki iliyopita, ukumbini kwetu chuoni, Mwalimu Neema alieleza kazi yake. Kila galaksi imekaa ndani ya wingu la maada ya giza, kitu kisichoonekana, kinachojulikana kwa mvuto wake tu. Yeye na wanafunzi wake huzipanga galaksi kwa mwanga na mawingu kwa uzito, kisha kompyuta huoanisha: inayong'aa kuliko zote hupewa wingu zito kuliko yote, na kuendelea hivyo hadi ya mwisho.

Mimi mwalimu wa historia, niliyepigana na soko huria kwa kalamu tangu viwanda vyetu vianze kuuzwa, nilisikia jambo moja tu: mwenye nacho anaongezewa. Nikasimama.

"Kwa hiyo hata mbinguni wameshabinafsisha!"

Ukumbi ukacheka. Neema alisubiri kelele zipungue.

"Shikamoo Mwalimu. Karatasi niliyogawa, ukurasa wa pili uliufikia?"

"Huo nimewaachia wawekezaji!"

Makofi.

Leo nimeusoma. Unasema kinyume cha nilichompachika. Katika mawingu mazito mno gesi hubaki ya moto, haipoi ikazaa nyota, kwa hiyo mwanga hauongezeki kulingana na uzito. Yanayozaa nyota vizuri zaidi ni ya wastani, kama la galaksi yetu.

Naona aibu. Kukosea nimekosea mara nyingi, na nikaendelea kubisha. Safari hii nilijua sijasoma, nikasimama hivyo hivyo.

Na asubuhi hii kamati ya taaluma, ikirudia mzaha wangu kana kwamba ni hoja dhidi ya kazi yake, imeliondoa darasa lake kwenye chumba cha kompyuta. Chumba kinakodishwa kwa mfanyabiashara wa intaneti.

Nimekibinafsisha kwa mdomo wangu.

Nilipokutana na Neema koridoni aliniamkia kama siku zote.

Wajumbe wa kamati, najua mnasoma hapa. Msijifiche nyuma ya mzaha wangu. Mrudishieni chumba kabla funguo hazijakabidhiwa Ijumaa. Nanyi mliopiga makofi, kesho asubuhi twende wote kwa mkuu wa chuo, mkamweleze mlichokuwa mnashangilia.